Mlango, enkishomi na dhoot: historia fupi ya mlango wa mbele

Mwaka uliopita, nilipokuwa nikimalizia nyumba yangu Kitengela, nilikwenda kwa fundi mmoja wa kando ya barabara ya Namanga nikiwa na karatasi mkononi. Nilikuwa nimeorodhesha vipimo vya mlango wa mbele na, kwa kuwa kazi yangu ya zaidi ya miaka thelathini imekuwa kufundisha Kiswahili, niliandika kila kitu kwa msamiati niliouona sanifu: miimo, kizingiti, bawaba tatu, komeo, kitasa. Fundi, kijana wa miaka thelathini hivi, aliisoma karatasi mara mbili kisha akaniuliza kwa heshima, "Sasa mzee, hii bawaba ni nini?" Nikamwonyesha moja iliyokuwa juu ya meza yake. "Aah, hinji! Si ungesema tu hinji."

Nilicheka, naye akacheka. Kizingiti alikijua, lakini hakukijua kama kipande cha mlango. Alikijua kutoka kwenye taarifa ya habari, kama kitu ambacho wanasiasa na timu za soka hukumbana nacho. Hapo sikumlaumu. Hata sisi tunaoandika katika magazeti tumelihamisha neno hilo kutoka nyumbani na kulipeleka bungeni, na sidhani kama kuna mhariri anayekumbuka mara ya mwisho kizingiti kilipotajwa katika ukurasa wake kwa maana ya kitu ambacho mtu hukikanyaga au kukiruka anapoingia ndani.

Bawaba nayo ina kisa chake. Wanaetimolojia hulihusisha neno hili na Kiarabu, ambako *bab* ni mlango na *bawwaba* ni lango kubwa. Ilipofika kwetu, maana ikapungua kutoka lango zima hadi kipande cha chuma kinacholishikilia. Kwa hivyo, mimi niliyekuwa nikijiandaa kumkosoa kijana kwa kukopa "hinji" kutoka kwa Waingereza, nilikuwa nimeshikilia mkopo wa zamani zaidi, tena uliokopwa vibaya. Nilinyamaza, nikalipa malipo ya awali, nikaondoka.

Lakini si bawaba iliyonifanya niandike makala haya. Ni swali nililoulizwa siku chache baadaye.

Jirani yangu, mzee wa Kimaasai ambaye familia yake ilikuwa ikilisha ng'ombe katika eneo hilo kabla ya sisi wenye ploti kufika, alikuja kunijulia hali. Mlango ulikuwa bado kwa fundi, na mahali pake nilikuwa nimeziba kwa bati. Tukakaa juu ya matofali. Baada ya salamu na habari za mvua akaniuliza enkishomi yangu ni ipi. Mimi nikamwonyesha geti. Akatikisa kichwa na kutabasamu. Hakuwa akiuliza habari za geti.

Katika Kimaa, enkishomi ni lango la boma. Boma la jadi, yaani enkang, lilizungushiwa ua wa miiba, na kila mwenye mji ndani yake alikuwa na lango lake ambalo ng'ombe wake walitokea asubuhi na kurudia jioni. Mgeni aliyeyahesabu malango alijua mle ndani kuna miji mingapi. Kutokana na hilo, neno lile lile likaja kutaja pia watu: wale wanaopitia lango moja, jamaa wa ukoo mmoja. Mzee alikuwa akiniuliza mimi ni wa watu gani.

Nyumba zenyewe zilizomo ndani ya boma zilijengwa na wanawake, kwa fito, udongo na samadi, na kila mke alikuwa na nyumba yake. Mahali pa kuingilia huitwa kwa maneno yanayomaanisha mdomo wa nyumba: *enkutuk* ni mdomo, *enkaji* ni nyumba. Njia ya kuingia ilikuwa nyembamba, tena ikipinda, hivi kwamba upepo wa uwandani haukupata nafasi ya kuingia moja kwa moja. Ubao haukuhitajika. Nyumba ilikuwa na mdomo bila kuwa na mlango, ikiwa kwa "mlango" tunamaanisha kile kitu kinachofungwa kwa ufunguo.

Sasa msomaji, tazama jambo hili. Wajaluo huuita ukoo *dhoot*. Lipasue neno hilo utapata *dho*, mdomo, na *ot*, nyumba. Mdomo wa nyumba tena! Wanuer wa Sudan Kusini, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1940, nao huutaja ukoo kwa maneno yenye maana ya mlango wa nyumba. Hizo ni lugha za Kinailoti. Ukivuka uje kwa Wabantu, Kinyarwanda na Kirundi zina *umuryango*, yaani mlango, na ndiyo hiyo hiyo familia. Sisi Wagiriama, kwa maana mimi ni mzaliwa wa bara ya Kilifi, tuna *mryango*: ni pa kuingilia nyumbani, na pia ni tawi la ukoo. Mlango wa Kiswahili umetoka katika mzizi huo huo wa Kibantu, ila umeangusha ile *y* njiani, na kwa wazee wa mwambao mlango bado ni jamaa wa nasaba moja.

Kwa nini mlango, na si ukuta au paa au jiko? Nadhani jibu liko katika nyumba za wake wengi. Baba alikuwa mmoja, na ua ulikuwa mmoja, lakini kila mama alikuwa na nyumba yake. Watoto waliotambaa kupitia mlango mmoja walikuwa wa tumbo moja. Ulipofika wakati wa kugawana mashamba, ng'ombe na lawama, swali la kwanza lilikuwa umetokea mlango upi. Ukuta ulizunguka watu, lakini mlango uliwahesabu. Hayo ni maoni yangu, na mwenye maoni bora aniandikie.

Mwambaoni mlango ulipata ubao, na ubao ukapata nakshi. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alizisifu nyumba za mawe za Kilwa na milango yake ya mbao iliyochongwa vizuri. Kwa hivyo, anayekwambia kwamba ufundi huu uliletwa na masultani wa Oman mwambie asome tarehe. Lamu, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urathi wa dunia mwaka 2001, bado inakuonyesha mpangilio mzima. Unafika kwanza kwenye daka, kibaraza chenye viti vya mawe, ambapo mgeni asiyejulikana huishia. Mlango wenyewe una mabawa mawili yanayofungukia ndani, na kati yake uko mfaa, ule mti wa wima unaofunika mwanya. Ukishapita hapo unafika tekani, chumba kidogo cha kupokelea, kilichopangwa ili aliye nje asione kiwanda na watu wa ndani. Huko Lamu, kama ilivyo katika enkaji ya Kimaasai, njia hupinda kabla ya kufika kwa mama. Sikuwahi kufikiri juu ya mfanano huo hadi nilipokaa juu ya yale matofali.

Nilipokuwa nikisoma zaidi kwa ajili ya makala haya niligundua jambo lililonitahayarisha kidogo. Ile milango ya kale ya mwambao haikutumia bawaba! Kila bawa lilikuwa na ncha juu na chini, na ncha hizo zilizunguka ndani ya matundu yaliyochimbwa katika vizingiti. Mbao zilikuwa za mbambakofi au mvule, na kwa matajiri msaji kutoka India. Zilikuwa nzito mno kutundikwa kwa vipande vya chuma.

Zanzibar nako kulikuwa na shani yake. Wakati wa Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kujenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, mlango ulikuwa tangazo la mali ya mwenye nyumba. Mafundi wa Kihindi walileta tao juu ya kizingiti, na njumu za shaba zilizochongoka. Husimuliwa kwamba njumu hizo zilianzia India ili kuzuia tembo wa vita wasisukume malango kwa vichwa. Unguja hakukuwa na tembo wa vita, lakini njumu zilikuja hivyo hivyo, na leo zinapigwa picha na watalii. Juu ya mlango, kwenye ule ubao wa kizingiti cha juu, ziliandikwa aya, na mara nyingine jina la mwenye nyumba na mwaka. Yaani ukoo uliandikwa mahali pake hasa.

Mtu aliyeunganisha kalamu na patasi kuliko wote ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Wasomi wa Kiswahili tunamjua kama mtunzi na mnakili wa miswada, yule aliyewaandikia akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann tenzi ambazo huenda tusingekuwa nazo leo. Watu wa Lamu walimjua pia kama mchonga milango. Tunamfundisha nusu. Mkono uliozungusha herufi za Kiarabu kwenye karatasi ndio uliozungusha majani na maua kwenye mvule, na bado sijaona mtaala wa chuo kikuu nchini unaomweka mwanafunzi wa fasihi mbele ya mlango.

Sheria ya Kenya, kwa mshangao wangu, iliona umbali kuliko mitaala. Sheria ya Makavazi na Urathi ya mwaka 2006 inataja waziwazi, miongoni mwa vitu vinavyolindwa, milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Mlango una kinga ya kisheria. Maneno yake hayana.

Je, ubao ulifikaje Kajiado? Ulikuja na reli. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na miongoni mwa maelfu ya wafanyakazi walioletwa kutoka India walikuwamo maseremala na wahunzi, wengi wao Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia. Muda si mrefu likafuata tawi la kwenda Magadi kuchukua magadi, likapita Kajiado, mji ambao jina lake linatokana na maneno ya Kimaa yenye maana ya mto mrefu. Stesheni, ofisi ya serikali, duka la Mhindi, shule ya misheni: kila jengo lilikuwa na mlango wa mbao za wima zilizopigiliwa mbao tatu za kukingama. Fremu, hinji na loki vilishuka kwenye behewa moja na misumari. Kijana wa barabara ya Namanga hakuyabuni maneno yake. Aliyarithi kwa mwajiri wa babu yake.

Lakini wakati ubao ukiingia, malango yalikuwa yakihamishwa. Mikataba ya 1904 na 1911 kati ya Waingereza na Wamaasai iliwatoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa na Laikipia na kuwakusanya kusini, ambako ndiko Kajiado iliko. Mwaka 1968 ikaja sheria ya kusajili ardhi ya pamoja kwa majina ya wawakilishi wa kikundi, ndiyo ranchi za vikundi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ilikuwa inagawanywa, kila mwanachama na kipande chake. Kipande kikakatwa vipande, vipande vikawa ploti. Eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likaanzishwa Athi River baada ya sheria ya 1990, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na sisi wa Nairobi tuliochoka na kodi tukafuata. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti ya Kajiado. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Wengi wa hao waliozidi wana geti.

Ukinunua ploti Kitengela, unachojenga kwanza ni geti la chuma. Cha pili ni mlango wa chuma. Siwacheki wanaofanya hivyo. Chuma hukipati kimeliwa na mchwa, hakivimbi Aprili, na mwizi hukifikiria mara mbili. Tena bei yake unaielewa kabla hujakaa chini. Udongo wetu mweusi huvimba mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, ukuta ukisogea fremu inasogea nao, na welda anaweza kurekebisha kwa dakika ishirini. Ninachoona ni kwamba geti la chuma limeua hodi. Huwezi kubisha hodi kwenye bati la milimita mbili. Watu huokota jiwe na kugonga, au hupiga simu, "Niko hapa nje."

Hata hivyo, kwa miaka michache sasa naona milango ya mbao inarudi. Ukitoka Kitengela kuelekea Isinya utaiona imeegemezwa kando ya barabara, imepakwa vanishi, inang'aa kama maharusi. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Kabla ya kumwendea kijana niliyemtaja, nilikuwa nimenunua mlango uliokwisha kutengenezwa mahali pengine, nikauweka mwezi wa Desemba. Kufikia Machi ulikuwa umepinda kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, na mwanga wa jua uliingia pembeni. Mbao zilikuwa mbichi. Kanuni ya kale ya maseremala ni kukausha ubao kivulini mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na aliyeniuzia, au aliyemuuzia yeye, hakuwa na mwaka wa kusubiri.

Haraka hiyo ina historia yake. Miti ya asili katika misitu ya umma ilipigwa marufuku kukatwa tangu miaka ya 1980. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma na ya kijamii, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023. Mvule na mahogani za Kitengela, kwa hivyo, nyingi husafiri kutoka Kongo, na ubao uliosafiri mbali una bei ambayo haivumilii kukaa stoo. Mbao ngumu za nyumbani zipo. Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, imekuwa ikihimiza upanzi wa mukau, mti wa nchi kavu ambao Wakamba wanaujua kwa milango na samani. Na upo mtarakwa, usioliwa na mchwa. Jina la mti huu tumezoea kuliona katika kamusi kama neno la kawaida la Kiswahili, lakini mtarakwa haumei mwambaoni. Wamaasai huuita *oltarakwai*. Tulilichukua neno hili kwao na hatujawahi kusema asante.

Mlango wangu wa pili ulichukua miezi mitano. Ni wa mvule, futi saba kwa nne, mabawa mawili yasiyolingana, unene wa inchi mbili kasoro. Nilikwenda karakana mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilijifunza kwamba ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana, hauongezeki urefu, na kwamba ubao mpana ukigongomelewa pande zote utapasuka tu, hakuna dawa. Kwa hiyo mlango wa nje hujengwa kama fremu yenye mfereji ndani yake, na paneli huingizwa kwenye mfereji bila gundi, ikiachiwa nafasi ya milimita chache kila upande. "Lazima ipumue, mzee," kijana aliniambia. "Ukiifunga, itajifungua yenyewe." Pembe hazikupigwa misumari. Kipande kimoja kilichongwa ulimi, kingine kikatobolewa tundu, ulimi ukaingia tundu ukakazwa kwa kabari. Nilimuuliza huo ulimi anauitaje. Nilitarajia neno la Kiingereza. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jina la mvua. "Ni ulimi tu."

Nilifurahi kuliko nilivyoweza kumweleza. Nyumba ina mdomo kwa Wamaasai na Wajaluo, na katika karakana ya Kitengela mlango bado una ulimi. Tangu siku hiyo nina daftari. Nimeshaandika maneno ya mafundi zaidi ya sitini, "hinji" likiwemo, na sijalipigia mstari mwekundu.

Mlango ulipokuwa tayari, kijana alinipigia simu. Alikuwa ameacha ubao wa juu, kile kizingiti cha juu, ukiwa mtupu, kwa sababu ameona picha za milango ya Lamu kwenye simu na anaweza kuchonga maandishi. Aniandikie nini? Jina la familia? Mwaka?

Nilimwambia nitamjibu Jumatatu. Kwetu Kilifi, mbao zilizochongwa kwa ajili ya watu wetu zilikuwa vigango, na hizo zilisimamishwa kwa wazee waliofariki, hazikuwekwa milangoni. Mryango wangu uko kule, na makaburi yako kule. Katika mtaa wetu hapa Kitengela, majirani wanapofiwa bado tunachanga nauli ya basi la kwenda Siaya, Kisii, Kitui au Murang'a. Nimeishi hapa miaka tisa na sijawahi kuhudhuria mazishi ya mwenye ploti aliyezikwa kwenye ploti yake. Wanangu wawili waliokulia hapa wanasema nyumbani ni Kitengela, na mjukuu wangu anaujua Mto Athi lakini hajauona Mto Galana. Niliwauliza wao kiandikwe nini. Mmoja akasema jina la babu yangu, mwingine akasema jina la mtaa.

Mzee jirani alikuja wiki mlango ulipofungwa. Aliupapasa, akaufungua na kuufunga mara tatu, akasifu uzito wake. Kisha akaangalia juu, akauliza kwa nini pale pameachwa wazi. Nikamwambia bado tunazungumza. Akasema ni sawa, mambo ya enkishomi hayaamuliwi kwa siku moja, akaomba chai.

Jumatatu zimepita nyingi. Kijana ananikumbusha kila nipitapo karakana yake, na ubao ule bado ni mtupu.